Mkono Wenye Homa

Kwa miaka mingi, mtu wa Tabora mjini akitaka keki ya harusi au ya kipaimara alielekezwa mtaa wa Cheyo, kwa mama Elieth. Jina lake hasa lilikuwa Recheli. Alikuwa mjane wa karani wa reli, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, na binti yake wa pekee, Elieth, alikuwa ameolewa Mwanza. Kuoka keki wengi walijua. Alichowashinda wenzake ni mwandiko. Alishika mfuko wa aisingi, ule urojo wa sukari wa kupambia, akaandika majina ya maharusi juu ya keki bila kupima, herufi zikalala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo, na watu wakaipiga picha keki kabla hawajaikata.

Mkono ulianza kumsumbua alipokaribia miaka hamsini na tano. Mwanzoni ilikuwa kwenye herufi ndefu tu. Mstari wa herufi ulitoka na meno madogo madogo kama ya msumeno. Recheli alidhani sukari haikusagika vizuri, akaichekecha upya. Meno yakarudi. Akadhani ni baridi ya Julai, akawa anapasha mikono juu ya oveni kabla ya kuanza. Julai ikapita, joto la Oktoba likaingia, na mkono bado ukawa unatikisika kila alipousogeza kwenye keki. Cha ajabu, akiuweka mapajani ulitulia tuli. Ulikuwa mkono usio na shida yoyote mpaka utumwe kazi.

Akaanza kuificha hali yake. Akiandaliwa chai ugenini aliomba nusu kikombe, akakishika kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa ili safari ya kikombe iwe fupi. Nyumbani alikunywa kwa mrija. Misibani akiletewa supu alisema tumbo halijatulia. Kwenye keki aliongeza maua ya aisingi na kupunguza maneno, na wateja wakadhani ndiyo mtindo mpya.

Siri hiyo ilivunjika kwenye sendofu ya Jenifa.

Jenifa alikuwa binti wa Martha, na Martha alikuwa rafiki wa Recheli tangu wote wawili wakiwa wasichana wa kwaya. Martha hakutaka maua. Alitaka jina la mwanawe liandikwe juu ya keki, kubwa, kwa mwandiko ule ule ulioandika jina lake yeye siku ya ndoa yake. Recheli alishinda nalo mchana kutwa. Aliandika, akakwangua, akaandika tena. Jina lilipotoka, lilionekana kama limeandikwa ndani ya gari linalopita kwenye barabara mbovu. Akazungushia shanga za sukari, akaomba taa za ukumbini ziwe hafifu.

Taa zilikuwa kali. Wakati wa kukata keki ulipofika, mshereheshaji akamwita mtengenezaji aje mbele amsaidie bibi harusi. Recheli akasimama. Alijua macho ya watu yanauchochea mkono, na kadiri alivyojiambia atulie ndivyo ulivyozidi. Alipompa Jenifa kisu, ncha yake ilicheza hewani, na msimamizi wa bibi harusi akarudi nyuma hatua moja. Kisha akapewa maiki aseme neno. Maiki ikamgonga meno, mlio wake ukasikika ukumbi mzima. Sauti nayo ikatoka na mawimbi, na kichwa, ambacho hakikuwahi kumfanyia hivyo, kikaanza kwenda kushoto na kulia kama cha mtu anayekataa jambo.

Mshereheshaji akasema, "Mama wa keki leo amefurahi kuliko sisi sote. Jamani, vinywaji vimeanza kutolewa saa ngapi?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Sherehe ilikuwa imechangamka. Lakini Recheli alimtazama Martha, na Martha alikuwa anatazama kitambaa cha meza.

Aliondoka kabla ya chakula. Alitembea peke yake mpaka Cheyo akiwa na viatu vya sherehe mkononi.

Martha hakupiga simu kesho yake, wala wiki iliyofuata. Recheli naye hakupiga. Alisema moyoni kwamba mwenye kosa ni yeye aliyeharibu keki, kisha akasema mwenye kosa ni yule aliyetazama kitambaa, na katikati ya kauli hizo mbili miezi ikapita. Kwenye kikundi cha akina mama cha kanisa, ambako kila mkutano uliishia kwa chai, akaacha kwenda. Ibadani alikaa benchi la nyuma, akatoka wimbo wa mwisho ukiimbwa. Siku ya Meza ya Bwana alibaki ameketi wenzake waliposogea mbele, kwa kuogopa kikombe. Hakujua kwamba hilo ndilo lililowathibitishia watu walichokuwa wanakishuku. Mtu asiyekwenda mezani, walisema, anajua mwenyewe anachokificha.

Wateja wakapungua. Nyumba ikawa kimya. Elieth alipiga simu kila baada ya siku chache, akauliza hali, akaambiwa nzuri. Mama yake alikula jikoni, kwenye kigoda, mlango umefungwa. Humo ndani hapakuwa na mtu mwingine, lakini aliufunga.

Aliyelisema jambo hili waziwazi alikuwa Bi Mwanamkuu, mwenye duka la vifaa vya mapishi pale Ng'ambo. Recheli alimjua kwa miaka mingi kwa unga, rangi za chakula na vikombe vya karatasi, na mazungumzo yao hayakuwa yamevuka sana vitu hivyo. Siku hiyo alikwenda kununua sukari laini. Alipojaribu kuutia mfuko kwenye kikapu ukamponyoka, na unga mweupe ukamwagika juu ya kaunta.

Bi Mwanamkuu hakuhangaika kuufuta. Alimsogezea kiti.

"Mama Elieth, nikuulize neno, usinichukie."

"Uliza."

"Unakunywa?"

"Nakunywa nini?"

"Pombe. Ndivyo wanavyosema. Wanakuja hapa kununua unga wa keki zao, wananiambia, yule mama wa Cheyo siku hizi kaharibika. Mimi nimekuuzia miaka yote hii tukisogeleana hivi, sijawahi kusikia harufu. Ndiyo maana nakuuliza wewe mwenyewe."

Recheli aliinama akakung'uta nguo. Sukari ilikuwa imemwingia kwenye pindo la kanga.

"Sijawahi kuitia mdomoni," alisema mwishowe. "Nilimwona baba yangu. Ilinitosha."

"Basi unaumwa."

"Siumwi popote. Hakuna kinachouma. Mikono tu."

"Kisichouma nacho ni ugonjwa. Redioni wametangaza madaktari bingwa wanakuja wiki ijayo, kambi ya wiki nzima, na wa mishipa ya fahamu yumo. Nenda."

"Na wakiniambia ni kiharusi?"

"Wakuambie. Sasa hivi unaambiwa mlevi, na hilo nalo hujalifanyia kitu."

Ilikuwa kauli kali, lakini Recheli aliibeba mpaka nyumbani kama kitu cha thamani, kwa sababu ilikuwa muda mrefu mtu hajakaa naye akazungumza naye juu ya jambo lililokuwa mbele ya macho ya wote.

Foleni ya kambi ilizunguka jengo zima la hospitali. Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mwanamke kijana mwenye hijabu ya kijivu, Daktari Asmahani, aliyemwamkia "Shikamoo mama" na kusubiri kweli mpaka aitikiwe. Alimwambia Recheli aiweke mikono mapajani aiache. Ikatulia. Akamwambia ainyooshe mbele, na vidole vikaanza. Akampa vikombe viwili vya plastiki, kimoja kina maji, amimine kutoka hiki kwenda kile, na meza ikalowa. Kisha akampa kalamu na karatasi achore mzunguko unaoanzia katikati na kutanuka kama gamba la konokono. Recheli, aliyewahi kuchora waridi mia kwa siku moja, alichora kitu kama uzi uliokatwa na panya.

"Samahani," alisema.

"Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta, mama. Hujakosea," daktari alijibu. Alimtembeza chumbani, akaikunja na kuikunjua mikono yake kuona kama imekakamaa, akamuuliza juu ya dawa anazotumia, juu ya kahawa, juu ya usingizi. Kisha akaketi.

"Katika ubongo kuna sehemu zinazoshirikiana kupanga mwendo wa mwili. Ndizo zinazouambia mkono uende wapi, kwa kasi gani, usimame wapi. Kwako mawasiliano hayo yana mawimbi. Mkono ukipumzika huyaoni. Ukiutuma kazi ndipo yanatokea, na ukitazamwa na watu, ukichoka au ukiwa na hofu yanazidi. Si kiharusi. Wala si ule ugonjwa ambao mkono hutetemeka mtu akiwa amepumzika, halafu mwili unakakamaa na hatua zinakuwa fupi. Wengi huchanganya haya mawili."

"Nimerogwa?"

"Hapana, mama. Mara nyingi hali hii hupita kwenye damu. Kwenu kuna mwingine anayetetemeka?"

"Baba yangu alitetemeka. Lakini yeye alikuwa mlevi."

Daktari aliweka kalamu chini. "Akishakunywa, mikono yake ilikuwaje?"

Recheli alifungua mdomo aseme ilizidi, maana ndivyo kila mtu angesema. Lakini alichokiona kichwani ni kitu kingine. Alimwona baba yake, Lugembe, asubuhi uani kwao kijijini Lusu, uji unamwagika kifuani na mama anamfuta bila kumtazama. Kisha akamwona jioni ya siku hiyo hiyo, kibuyu cha pombe kimeshapita, ameketi anafunga mzinga wa nyuki kwa kamba za magome, na vidole vyake vinaingiza kamba kwenye tundu dogo bila kukosea.

"Ilitulia," alisema. Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, "Ilitulia."

"Kwa watu wengi wenye hali hii, pombe huutuliza mkono kwa saa chache. Ikiisha, mkono hurudi na nguvu zaidi, na mtu huongeza. Sisemi ndicho kilichompata mzee. Sikumjua. Nasema inawezekana."

Alimwandikia vidonge, vya aina ile ile wanayopewa baadhi ya wenye shinikizo la damu, na kabla ya kumaliza akamuuliza kama ana pumu. Recheli akasema hana. "Vizuri, maana mwenye pumu hizi hazimfai. Zinaweza kumbana kifua. Kwake yeye tunatafuta dawa nyingine." Akamweleza kwamba vidonge vingepunguza mtikisiko bila kuumaliza, kwamba hali hii haiui, na kwamba haiponi.

Recheli alitoka nje akakaa kwenye ukuta mfupi wa bustani ya hospitali. Hakuwaza mikono yake. Alimwaza baba yake, ambaye wazee wa kanisa la kijijini walimtenga kwa ulevi na akafa akiwa ametengwa. Kisha akamwaza Ngollo.

Ngollo alikuwa mdogo wake. Alibaki Lusu kwenye shamba la baba, na tangu ujanani alitetemeka na kunywa, na ukoo mzima ukasema huyu amerithi kibuyu. Mara ya mwisho kuja Tabora ilikuwa kwenye msiba wa mume wa Recheli. Alikuja ananuka gongo, akapewa chai, ikamwagika juu ya mkeka na juu ya kanga za waombolezaji. Shemeji mmoja akamshika bega, akamtoa, akamweka nyuma ya nyumba karibu na mabanda ya kuku. Recheli aliona yote hayo akiwa amejitanda kanga yake ya ufiwa, na hakusema kitu. Ngollo aliondoka asubuhi bila kuaga, na hakurudi tena.

Wiki kadhaa baadaye, vidonge vilipoanza kufanya kazi na kikombe kikawa kinafika mdomoni na chai nyingi ndani yake, Recheli alipanda basi la Nzega. Kwenye mkoba alikuwa na pakiti ya ziada ya vidonge, aliyoinunua kwa ajili ya Ngollo.

Barabara ile inakwenda kaskazini ikifuata karibu njia ambayo Wanyamwezi wa zamani waliitembea kwa miguu wakiwa na mizigo kichwani, na siku hizi ni lami mpaka Nzega. Kutoka hapo alichukua bodaboda mpaka Lusu. Mashamba ya karanga yalikuwa yameshang'olewa. Nyumba ya baba ilikuwa imeezuliwa upande mmoja, na kwenye upande uliobaki Ngollo alikuwa ameketi kivulini anabambua maganda ya karanga. Alikuwa amekonda. Alimtazama dada yake anavyoshuka kwenye pikipiki kama mtu anayetazama mvua ya msimu usio wake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hujambo?"

"Nipo. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Nimekuja kukuona."

Ngollo alitikisa kichwa taratibu, akaingia ndani kuleta kiti. Kilikuwa kiti cha mbao, si kizito, lakini alipokiweka chini alisimama ameshika ukuta, akivuta pumzi, na kifua chake kikitoa mluzi mwembamba.

"Hicho kifua kimeanza lini?"

"Kila kiangazi. Vumbi. Kipo tangu utotoni, hukumbuki? Mama alikuwa ananifukiza majani."

Recheli alikumbuka. Mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkoba, umeshika pakiti ya vidonge. Akaiachia, akaufunga mkoba.

Ngollo aliishi peke yake. Mkewe alikuwa amerudi kwao zamani. Alipika ugali mwenyewe na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, kama alivyopika mama yao. Chakula kilipokuwa tayari alileta bakuli na jagi amnawishe mgeni. Jagi lilianza kucheza kabla maji hayajatoka. Recheli akanyoosha mikono kuyapokea maji, na mikono yake nayo ikaanza. Maji yakaenda magotini, yakaenda mchangani, machache yakafika kwenye vidole. Ngollo alisimama na jagi mkononi akiitazama mikono ya dada yake. Hakuwahi kuiona hivyo.

"Na wewe?" aliuliza.

"Na mimi."

Alirudisha jagi chini polepole. "Unakunywa?"

"Sinywi."

Walikula. Ngollo alikuwa na namna yake: aliegemeza kiwiko kwenye goti, akainama, akaleta kichwa kwenye tonge. Recheli alikuwa na yake. Mchuzi ulidondoka huku na huku, na hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Kwa Recheli ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kula mbele ya macho ya mtu, na aliona shingo inalegea, kama mtu aliyekuwa amebeba kuni akazitua.

Baada ya kula akamweleza. Alimweleza polepole, kwa Kinyamwezi, maana maneno ya daktari yalihitaji kutafutiwa njia: kwamba ni ubongo unaopeleka ujumbe wenye mawimbi, kwamba ni kitu cha damu, kwamba pombe huutuliza mkono kisha humgeuka mwenyewe. Ngollo alisikiliza huku akichora mchangani kwa kijiti.

"Baba alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Hayo ya damu. Aliniambia nilipoanza. Alisema babu yake alikuwa mpagazi, alikwenda pwani na pembe za ndovu na akarudi mzima. Kichwani alibeba mzigo wowote. Lakini wakifika kisimani hakuweza kujimiminia maji, wenzake wakamcheka njia nzima, eti huyu mkono wake una homa. Baba alisema, mwanangu, na wewe umeupata mkono wenye homa. Kunywa kidogo kabla ya kula na watu."

"Mimi hakuniambia."

"Wewe mikono yako ilikuwa mizuri. Angekuambia ya nini?"

Recheli alivisogeza vyombo kando. Kisha akasema neno alilokuwa amelitayarisha tangu Tabora. "Kwa hiyo baba hakuwa mlevi, Ngollo. Na wewe si mlevi. Mlikuwa mnaumwa."

Ngollo alicheka kidogo, bila furaha na bila hasira.

"Baba alikuwa mlevi, dada. Na mimi ni mlevi. Nilianza kwa ajili ya mikono, hilo ni kweli, ili nikae na watu. Sasa hata nikiwa peke yangu nakunywa, na mikono hapa nani anaitazama? Usinisafishe hivyo. Ukinisafisha hivyo, kesho ukinikuta nimelala njiani utaona nimekudanganya."

Recheli aliushika mkoba wake. Alikuwa amesafiri na zawadi mbili, vidonge na msamaha, na zote mbili hazikumwenea mdogo wake.

"Siku ile ya msiba," alisema, "nilikuona wanakutoa. Nilinyamaza."

"Nilijua umeniona."

"Nisamehe."

"Ulikuwa umefiwa," Ngollo alisema, akaendelea kuchora mchangani. Baadaye akauliza, "Kwenye mkoba wako kuna nini? Umekuwa ukiushika toka umefika."

Akamwonyesha. Akamweleza kwamba alimletea vidonge, na kwamba kwa kifua chake vingeweza kumziba pumzi, kwa hiyo hatampa hata kimoja. "Lakini daktari alisema wenye pumu wana dawa yao nyingine. Madaktari wa kambi wanarudi mwezi wa pili. Njoo Tabora, ukae kwangu."

"Nitaona."

Recheli alilala kule usiku mmoja, akarudi Tabora. Alipofika alimpigia Elieth na kumweleza yote, kwa mara ya kwanza. Elieth alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ni lazima mtoto arithi.

"Si lazima. Daktari anasema wengine hurithi, wengine hapana."

Upande wa pili mjukuu alikuwa anapiga sufuria na kijiko.

"Mimi sijaona kitu bado, mama," Elieth alisema.

Neno hilo "bado" lilibaki na Recheli kwa siku nyingi. Alijikuta akijaribu kukumbuka mikono ya binti yake inavyomimina chai, na hakukumbuka kitu chochote, maana mikono mizima haikumbukwi.

Jumapili moja alirudi kwenye kikundi cha akina mama. Chai ilipoletwa alisimama, akaeleza ugonjwa wake, kwa sauti ile ile yenye mawimbi. Baadhi walimshika mikono na kumpa pole. Wengine waliinamia vikombe vyao, na alijua kuna watakaosema amejitungia. Martha alikuwepo. Alimfuata nje baada ya mkutano, akasema, "Ungeniambia mapema," na Recheli akasema, "Ungeuliza." Walisimama pale mlangoni kila mmoja akitafuta neno la pili, kisha mtu akamwita Martha, akaenda. Siku hizi wanasalimiana vizuri. Hawajarudi walikokuwa.

Keki bado anaoka, chache. Maandishi ameyaacha. Mteja akitaka jina, humwelekeza kwa binti mmoja wa Ng'ambo ambaye Bi Mwanamkuu alimtafuta.

Ngollo alikuja mwezi wa pili, kweli, na begi dogo na gunia la michembe, vile viazi vikavu vya kwao. Daktari Asmahani alimpima kifua, akampa dawa ya aina nyingine, akazungumza naye muda mrefu juu ya pombe, mlango umefungwa. Alikaa Cheyo karibu mwezi. Walikula pamoja sebuleni, mlango wazi. Kuna siku alikaa bila kunywa, na kuna siku alipotea mpaka jioni akarudi hasemi kitu, na Recheli akamwekea chakula bila kuuliza. Mtikisiko wa mikono ya Ngollo ulipungua kidogo, si sana. Msimu wa kuvuna ulipokaribia alisema shamba halijivuni, akafunga begi lake. Recheli alimsindikiza stendi. Basi lilipoondoka, alisimama pale mpaka kondakta wa basi lingine akamuuliza kama anasafiri.

Nyumba ilikuwa pana sana wiki ile.

Sasa kila Jumapili mchana Ngollo hupiga simu kwa kitochi chake. Recheli huiweka simu yake mezani kando ya sahani, na kuweka spika. Wanasema machache: mvua, kuku, bei ya karanga. Kisha wanakula, huyu Cheyo, yule Lusu. Kijiko cha Ngollo kinasikika kinagonga ukingo wa sahani, kinaachia, kinagonga tena. Cha Recheli nacho kinagonga. Wakimaliza, mmoja husema, "Haya," na mwingine huitikia, "Haya," na simu inakatika.